Baba anaficha vidonge vya Parkinson, anasema anavitunza kwa miaka ya mbele

Shikamoo Anti, pole na majukumu. Naomba jina langu lisitajwe, niite tu Binti wa Muheza.

Anti mimi nipo Dar nafanya kazi saluni, wazazi wangu wako Muheza. Baba ana miaka 67, ni fundi cherehani, yaani sare za shule mtaa mzima alikuwa anashona yeye. Kama miaka mitatu nyuma mkono wa kulia ulianza kutetemeka akiwa amekaa tu hafanyi kitu, akishika kitambaa unatulia, kwahiyo sisi tukasema uzee huo. Baadae akaanza kuburuza mguu, akitembea mkono mmoja hauchezi, sauti ikashuka mpaka kwenye simu namwambia rudia baba, rudia. Na uso Anti, uso wake ukawa kama kanuna muda wote hata mkimchekesha, wateja wakaanza kusema fundi siku hizi ana dharau. Mama anasema hata kabla ya hayo yote usiku alikuwa anarusha mateke na kupiga kelele usingizini kama anapigana na mtu, siku moja akampiga mama ngumi ya shavu na yeye amelala fofofo. Hapo ndo baba mdogo akapata pa kushikia, akasema hili jini la kutumiwa, hapa kuna mkono wa mtu. Wamezunguka kwa waganga, mbuzi wameenda, hela ya kumalizia nyumba imeenda.

Mwaka huu nikamlazimisha tukaenda hospitali kubwa, daktari wa mishipa ya fahamu akamwambia tembea, gonganisha vidole, fungua kiganja funga, akasema ni Parkinson, akamwandikia levodopa. Siku za mwanzo alikuwa anatapika, mdogo wangu akaenda duka la dawa wakampa vidonge vya kuzuia kutapika, vimeandikwa metoclopramide, kutapika kukapungua ila mwili ukawa mgumu zaidi ya mwanzo, hata kujigeuza kitandani hawezi. Baba mdogo akasema si mnaona, dawa za hospitali zinammaliza.

Halafu kuna jirani akamwambia baba kwamba hizo dawa zinafanya kazi miaka mitano tu basi, baada ya hapo hakuna kitu. Toka siku hiyo baba hanywi. Mama kakuta vidonge kwenye kopo la vifungo, baba anasema navitunza, ntakunywa nikizidiwa, siwezi kuimaliza miaka yangu mitano saa hizi bado natembea. Anti nililia.

Sasa shangazi kaleta unga wa mbegu za upupu anasema ndo dawa yenyewe. Kaka yetu yuko Muscat katuma klipu ya kliniki ya nje wanachoma seli mpya za ubongo, dola elfu ishirini, anataka shamba liuzwe. Na kule hospitali kuna watu wa utafiti walimwomba baba damu ya kupima vinasaba, baba mdogo kasema hao mumiani tu, wanapeleka damu ulaya. Na mimi mwenyewe usiku silali, naangalia mkono wangu naona kama unatetemeka, hivi hii kitu inarithiwa? Nianzie wapi Anti, nimechoka.

Binti wa Muheza

---

Marahaba mwanangu. Pole sana, na mpe mama pole yake ya peke yake, kwasababu kupigwa ngumi na mumeo aliyelala halafu ukaambiwa mumeo ana jini, huo mzigo ameubeba miaka na sidhani kama kuna mtu kamuuliza anajisikiaje.

Naanza na kopo la vifungo maana hilo ndo la haraka. Mimi si daktari, dozi ya baba yako siwezi kuipanga, ila hilo neno la miaka mitano limesumbua watu dunia nzima, hata madaktari wenyewe walibishana kwa miaka mingi kama wamcheleweshee mgonjwa levodopa au wampe mapema, na watafiti wakaenda kulitafutia jibu. Na jibu mojawapo zuri kabisa limetoka hapahapa Afrika. Walichukua wagonjwa 91 wa Ghana wakawalinganisha na wagonjwa 2,282 wa Italia, matokeo yakatoka 2014. Kwanini Ghana? Kwasababu kule, kama kwetu tu, watu wanachelewa kupata dawa, wale wa Ghana walianza levodopa wastani wa miaka 4.2 baada ya ugonjwa kuanza wakati wa Italia ilikuwa 2.4. Sasa kama kweli dawa ina miaka yake ya kuhesabu, wa Ghana walioanza kwa kuchelewa wangetakiwa wachelewe pia kupata yale matatizo, yaani dawa kuisha nguvu kabla ya dozi inayofuata na mwili kuanza kujinyonganyonga wenyewe. Haikuwa hivyo. Matatizo yaliwajia wote karibu umri uleule wa ugonjwa, kinachohesabu ni ugonjwa umekaa mwilini muda gani na mtu anakunywa dozi kubwa kiasi gani kwa siku, ile tarehe aliyoanza kunywa haikuwa na neno. Kwahiyo waliochelewa hawakuweka akiba yoyote, waliishi ile miaka ya kati wamekakamaa bila sababu.

Halafu Uholanzi nao wakafanya yao, wagonjwa 445, nusu wakapewa levodopa mwanzoni na nusu wakasubirishwa wiki 40, matokeo yakatoka 2019. Walipofika wiki ya 80 makundi mawili yako sawa. Nakwambia ukweli wote mwanangu: walioanza mapema ugonjwa haukupungua kasi, levodopa haizuii ugonjwa kusonga mbele, ila pia haikuwaharibu, na kipindi kile wenzao wanasubiri wao walikuwa wanaishi vizuri zaidi. Hilo ndo la kumwambia baba, tena aambiwe na wewe kwa utulivu mkiwa wawili, siyo kwenye kikao cha ukoo. Mwambie baba hiyo miaka unayoitunza haitunziki, ugonjwa unaihesabu uwe umekunywa au hujanywa.

Na kwanini huyo jirani kasikia mitano? Kuna ukweli ndani yake uliopinda. Kuna sehemu ndogo chini katikati ya ubongo, ina rangi nyeusi, seli zake ndo zinatengeneza dopamini, na dopamini ndo inaufanya mwili uanze mwendo na kuumaliza bila kukwama. Kwenye Parkinson seli hizo zinakufa taratibu, ndani yake kunakutwa protini inaitwa alfa-sinuklini imeganda mafungu mafungu, na mpaka mkono uanze kutetemeka karibu nusu ya seli hizo zinakuwa zimeshaondoka. Levodopa ikifika ubongoni inageuzwa kuwa dopamini. Mwanzoni seli zilizobaki bado zinaweza kuiweka kidogo na kuitoa polepole, ndo maana dozi moja inakaa masaa mengi, miaka ikienda seli za kuihifadhi zinapungua, dozi inakaa muda mfupi, daktari anapanga upya, anaongeza mara za kunywa au anachanganya na dawa nyingine. Dawa haijaacha kufanya kazi, wapo watu wanaitumia miaka kumi na zaidi.

Sasa hili la pili nimelisoma nikasimama kabisa. Ile metoclopramide. Mwanangu hiyo dawa inazuia dopamini isifanye kazi, yaani baba anaongezewa dopamini kwa mkono huu na kunyang'anywa kwa mkono ule, ndo maana kutapika kulipungua na mwili ukawa gogo. Ni dawa ya kawaida sana ya kichefuchefu na kwa watu wengi haina shida, ila kwa mtu wa Parkinson haitakiwi, hata mtu asiye na Parkinson akiinywa muda mrefu inaweza kumletea dalili zinazofanana nayo. Piga simu kliniki leo leo, waambie alipewa hiyo, waulize waweke nini badala yake, ipo inaitwa domperidone ambayo kwa kawaida haiingii ubongoni ila lazima daktari aulize habari za moyo kwanza. Na mwandikie baba karatasi akae nayo mfukoni: nina Parkinson, nisipewe metoclopramide wala haloperidol bila daktari wangu kujua. Hiyo haloperidol nimeiweka kwasababu wazee wakichanganyikiwa wodini huwa wanachomwa, na kwa huyu ni hatari. Kwahiyo baba mdogo aliona kitu cha kweli kabisa, mzee alizidiwa akiwa kwenye dawa za hospitali, ila kilichomzidisha ni kidonge kimoja kisicho chake, mweleze hivyohivyo bila kumfanya mjinga.

Kichefuchefu chenyewe cha levodopa mara nyingi kinapungua dozi ikianza ndogo na kupanda taratibu. Kabla hajaanza tena muulizeni daktari aanzie wapi, asirudi tu kwenye dozi ya mwanzo kisa ndo iliyoandikwa. Akishaizoea asije akaikata ghafla, kukata ghafla kunaweza kumletea homa kali na kukakamaa mpaka alazwe. Na muda, muda ni kila kitu. Protini ya chakula inagombania njia moja na levodopa kutoka tumboni mpaka ubongoni, kwahiyo kidonge kikinywewa katikati ya maharage au samaki au maziwa kinaweza kisifike. Nusu saa kabla ya kula ndo wengi wanashauriwa, ila wakati huu wa kutapika daktari anaweza kuwaambia anywe na kitu kidogo kisicho na protini, kipande cha muhogo hivi. Maharage asiache, atakula baadae.

Nije kwenye jini. Hayo mateke ya usiku yanajulikana vizuri. Mtu akiota ubongo huwa unaufunga mwili usitikisike, na kwenye ugonjwa huu hicho kifungo mara nyingi kinalegea miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka, ndo maana baba anapigana kweli na mtu wa ndotoni. Watafiti wanawafuatilia sana watu wa namna hiyo, kwasababu wanawapata kabla seli hazijafa sana na ndo wanaotarajia siku moja kuwapa dawa ya kuzuia. Muulize mama pia kama baba aliacha kusikia harufu ya chakula kikiungua, au kama choo kimekuwa kigumu kwa miaka, hayo nayo huwa yanatangulia. Kwa sasa mama alale kitanda chake, vitu vigumu viondolewe karibu na cha baba, na daktari aambiwe maana yapo ya kusaidia.

Na huu ugonjwa uliandikwa London mwaka 1817 na daktari James Parkinson, alielezea watu sita tu, wengine aliwaona wakipita barabarani, na alichoandika ni baba yako mtupu, mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika na mwili unaoinama mbele. Na hapa kwetu, pale wilaya ya Hai Kilimanjaro, walipita nyumba kwa nyumba kwenye watu zaidi ya 161,000 wakapata wagonjwa 33, matokeo yalitoka 2008, na zaidi ya robo tatu ya hao 33 walikuwa hawajawahi kuambiwa na yeyote wanaumwa nini. Fikiria wazee hao wamekaa miaka kwenye viti vyao nje wanaambiwa wamelogwa, au wamezeeka, au wana dharau kama fundi wetu. Hilo la uso limeniuma kuliko yote, kwasababu misuli ya uso nayo inakakamaa, ndani mtu anacheka na watu wanaona kanuna. Waambie wateja wake.

Upupu wa shangazi. Shangazi hajakosea sana na ningependa umheshimu, mbegu za upupu zina levodopa yenyewe ndani yake, kweli kabisa. Bolivia walifanya utafiti kwa wagonjwa 18, matokeo yakatoka 2017, unga wa mbegu zilizokaangwa ulifanya kazi sawa na kidonge kwa dozi moja moja, na walifanya hivyo makusudi wakiwafikiria watu wa nchi ambako vidonge ni ghali au havipo. Ila walipofuatilia wagonjwa 14 kwa wiki 16 nusu yao waliacha, wengine tumbo liliwashinda, wengine mwili ulikuwa mzito zaidi. Shida ya unga wa shangazi ni kwamba hakuna anayejua kijiko kimoja kina levodopa kiasi gani, mbegu na mbegu zinatofautiana, na baba akiuchanganya na vidonge anajizidishia bila kujua, presha inashuka akisimama, anaanguka, fupa la nyonga linavunjika, hapo ndo mzee anaishia kitandani. Kama vidonge vikikosekana dukani mwambie daktari waziwazi kwamba upupu upo nyumbani, msifanye kwa kificho.

Shamba lisiuzwe. Naandika hivyo hivyo bila kuzunguka. Seli mpya zinafanyiwa utafiti wa kweli, mwezi wa nne 2025 zilitoka taarifa mbili, moja ya Kyoto kule Japani wagonjwa saba, nyingine Marekani na Kanada wagonjwa 12, na lengo kubwa lilikuwa kuona kama kuziweka seli ubongoni ni salama, hawakupata madhara makubwa yaliyoletwa na seli hizo, na baadhi ya wagonjwa walionyesha nafuu. Inatia moyo jamani, mimi nilifurahi. Ila ni watu 19 jumla, waliofunguliwa fuvu kwenye hospitali za utafiti, na mgonjwa wa utafiti wa namna hiyo halipishwi kununua nafasi. Kliniki inayotangaza kwenye klipu na kutaka dola elfu ishirini mbele inauza matumaini ya watu waliochoka kama nyie. Kaka wa Muscat anampenda baba yake na yuko mbali, mpe kazi inayofaa, agharamie vidonge kila mwezi bila kukosa na nauli za kliniki na mtu wa mazoezi. Mazoezi siyo jambo dogo, kutembea kwa nguvu kila siku, hatua ndefu, mikono irushwe makusudi, kusoma gazeti kwa sauti kubwa, haya yanasaidia mwendo na sauti kwelikweli.

Kuhusu damu, naelewa hofu ya baba mdogo, wazee wetu pwani hii walikua wanaambiwa habari za mumiani na damu za watu weusi zimeshachukuliwa bila ruhusa sehemu nyingi duniani, hofu hiyo haikuzuka tu. Lakini sikiliza kilichotokea. Kwa miaka mingi vinasaba vya Parkinson vilitafutwa karibu kwa wazungu tu, ya kwetu hakuna aliyeyajua. Halafu 2023 watafiti wa Nigeria pamoja na wenzao wa Uingereza na Marekani wakatoa matokeo, wamekuta badiliko kwenye jini la GBA1 (hili ni la vinasaba, siyo la baba mdogo) ambalo lipo kwa watu wenye asili ya Afrika na kwa wazungu karibu halipo kabisa. Jini hilo linahusika na kimeng'enya kinachosafisha taka za mafuta ndani ya seli. Hii ina maana kubwa kwasababu dawa zinazolenga njia hiyohiyo zinajaribiwa, Uingereza wanaijaribu hata ambroxol, ile dawa ya kikohozi ya siku zote, kwa dozi kubwa kuliko ya kikohozi, kuona kama inapunguza kasi ya ugonjwa. Tafadhali msikimbilie kununua, bado wanapima. Lakini kama damu zetu hazimo, siku dawa ikipatikana nani atajua kama inatufaa sisi? Tanzania na Kenya zimo kwenye mradi mkubwa wa nchi saba za Afrika wa kuchunguza ugonjwa huu na huduma zake, siwezi kusema kama waliomwomba baba ndo hao, kwahiyo muulizeni mhusika: kibali cha maadili kiko wapi, damu inahifadhiwa wapi, majibu yatarudi kwetu au hayarudi, na baba akibadili mawazo anajitoaje. Hawatakiwi kuwadai hela hata senti, na baba akikataa matibabu yake yasiguswe. Aamue mwenyewe, akili yake iko sawa.

Na wewe, weka huo mkono chini ulale. Wagonjwa wengi hawajarithi moja kwa moja, kwenye familia nyingi anakuwa mmoja tu, na hata mwenye lile badiliko la GBA1 hatari yake inaongezeka tu, walio wengi wenye nalo hawaugui. Mkono wa mtu asiyelala na mwenye wasiwasi huwa unatetemeka hata kama hana ugonjwa wowote.

Kwahiyo leo simu ya kliniki kuhusu metoclopramide, mwisho wa wiki panda gari uende Muheza ukae na baba, vidonge vyote vitoke kwenye kopo mvihesabu pamoja mjue vimebaki vingapi, na siku ya kliniki nenda na baba mdogo aingie chumba cha daktari aulize mwenyewe. Niandikie baada ya hapo uniambie dozi imepangwaje na mama analala wapi.

Anti